Nyuzi Nne

Kutoka Naryn hadi zahanati ile ni saa sita,
mbili za lami, nne za kumwomba Mungu.
Dereva Toktosun hakusema neno
mpaka tulipozama kwenye theluji, ndipo akasema mengi,
na hakuna hata moja la kuandikwa.

Nilikuwa na fomu. Kurasa kumi na tisa,
visanduku vya ndiyo, visanduku vya hapana,
na pale chini kabisa, Maoni: mstari mmoja,
mfupi kama kidole cha mtoto.

Zuurakan alitupokea kwa chai ya maziwa yenye chumvi.
Muuguzi wa miaka thelathini na moja kazini,
vidole vimepasuka kwa baridi na dawa ya sakafu.
Alikuwa amefagia. Mapazia ameyapiga pasi.
Hata paka alikuwa amefukuzwa kwa heshima yangu.

Nikafungua jokofu la chanjo.
Likanguruma, likakohoa, likanyamaza
kama shahidi aliyekumbuka kwamba ana familia.
Mlangoni, karatasi ya joto: asubuhi, jioni,
nyuzi nne, nyuzi nne, nyuzi nne,
mwezi mzima umeshonwa kwa nyuzi nne,
mshono ulionyooka, hauna fundo.
Nikaufuata kwa kidole hadi leo.
Nyuzi nne.
Kidole hakikusimama. Kesho: nyuzi nne.
Keshokutwa pia. Na Ijumaa jioni,
ambayo Mungu mwenyewe alikuwa bado hajaiamua,
nyuzi nne.

Nikamtazama. Hakuinamisha macho.
"Februari niliandika sita chini ya sifuri.
Umeme ulikatika siku tatu. Niliandika sita
kwa sababu ilikuwa sita.
Wilaya wakairudisha karatasi: Sahihisha.
Hawakusema jokofu lisahihishwe.
Usiku ule nililala na chupa kifuani
kama kuku na mayai yake.
Fomu yako ina kisanduku cha hilo?"

Haina.

Kipimajoto changu kilisema mbili chini ya sifuri.
Nikatikisa chupa, nikaiweka mezani, tukasubiri.
Vichembe vyeupe vikashuka polepole
kama theluji iliyopata mlango.
Dozi arobaini.
Nje Nurzada alikuwa ameshuka farasi,
mtoto ndani ya koti, kofia tu ikionekana.

Nimekagua miaka tisa. Kutia ndiyo nakujua,
mkono haupotei, kama usivyokikosa kinywa gizani.
Bishkek wanaipenda ndiyo. Ndiyo hujumlishika.
Hapana huomba gari, huomba fundi,
huuliza jenereta ya mwaka juzi ililala nyumbani kwa nani.

Nilitia hapana.
Nikaandika kwenye Maoni, mstari ukaniishia,
nikapanda ukingoni, nikaigeuza karatasi,
nikaandika mgongoni mwake umeme, kebo, siku tatu,
kuku na mayai, nikafuta kuku, nikamrudisha.
Zuurakan akaenda kumwambia mama yule.
Sikusikia maneno. Dirishani
niliona farasi akigeuzwa.

Mei barua ikanifikia, muhuri wa bluu:
Mkaguzi aandike ndani ya nafasi iliyotolewa.
Na chini, kwa mwandiko wa mtu asiyejitaja:
jenereta imepatikana. Haina kebo.

Toktosun alipita huko. Anasema Zuurakan
sasa hujaza siku moja moja: tatu, saba, moja chini,
na mahali pengine ameandika sijui, nilikuwa nimelala.
Mshono umepinda, mafundo kila mahali,
na wilaya hawajaurudisha, labda hawajausoma.

Mtoto wa Nurzada alichanjwa Juni.
Kuna usiku naihesabu ile njia ya farasi,
Machi, Aprili, Mei,
uzi mkononi,
na sijui fundo nilifunge wapi.